Naenda kutumia jiko moja na dada Myahudi anayeshika Sabato: nini kinampendeza, nini kinamkera?

Bi_Mwiko aliuliza:

Salamu wanajamvi. Baada ya wiki tatu naanza kuishi nyumba moja na msichana wa miaka 24, Myahudi, na dini anaishika kwelikweli: Sabato, chakula cha kosheri (yaani kinachoruhusiwa na sheria ya dini yao), sketi za kuvuka magoti. Jiko moja, friji moja, oveni moja. Kwamba hawali nguruwe na hawachanganyi nyama na maziwa nalijua, ila hayo ni ya juu juu. Nataka ya kila siku. Nisiguse nini? Zawadi gani ataipokea kwa moyo mmoja? Kipi kitamfanya anune kimyakimya bila kuniambia? Halafu Ijumaa ya kwanza natamani tuoke ule mkate wao wa kusuka. Naomba vipimo, jamani, si "unga kiasi". Natanguliza shukrani.

Kabati_Mbili alijibu:

Karibu dada. Wewe kula chako hakumsumbui. Kinachoumiza ni chombo chake kuguswa kwa nia njema. Ukikuta vyombo vyake vimejaa kwenye sinki, usimuoshee mpaka akuonyeshe kipi ni cha nyama, kipi cha maziwa na kipi cha pareve, yaani kisicho nyama wala maziwa: mboga, mayai, nafaka, samaki. Sponji nazo ni tofauti. Wengi hutumia rangi, nyekundu kwa nyama, buluu kwa maziwa, kijani kwa pareve. Sponji ya buluu ikipita kwenye sufuria ya nyama kwa maji ya moto, umeshamtengenezea kazi.

Sababu ni kwamba kwa sheria yao chombo hufyonza ladha kwa joto na kuitoa kwa joto. Ndiyo maana sahani baridi yenye tufaha haina neno, lakini mwiko wako ukiingia kwenye mchuzi wake unaochemka ni jambo zito. Visu ndivyo watu husahau. Kitunguu, kitunguu saumu na pilipili huhesabiwa kuwa vikali, na kitu kikali hufyonza ladha kutoka kwenye kisu hata bila moto. Kwa hiyo usimkatie kitunguu kwa kisu chako ukadhani umemrahisishia mapishi. Mpe kizima na maganda yake.

Ajali ikitokea, mathalani kijiko cha maziwa kimetumbukia kwenye sufuria ya nyama, usikioshe haraka wala usikifiche. Kitoe, kiweke pembeni, umwambie. Atauliza mambo matatu: mchuzi ulikuwa wa moto? Kijiko kilitumika kwa kitu cha moto ndani ya saa 24 zilizopita? Kilizama kiasi gani? Hilo la mwisho linatokana na kanuni ya sehemu 60. Kama kilichozama kina ujazo wa ml 10, chakula kikifika ml 600 mara nyingi huliwa, ingawa kijiko chenyewe kitahitaji kutakaswa. Uamuzi ni wake au wa rabi wake. Kazi yako ni kukumbuka hayo matatu kwa usahihi.

Oveni ya pamoja inawezekana. Chakula chake hufungwa foili mara mbili, kila mkunjo peke yake, bila tundu. Ukiona pakiti ya foili imevimba usiichome uma "ipumue". Ukiichoma umeharibu kila kitu. Maikrowevu nayo asafishe, ikae saa 24 bila kutumika, kisha achemshe humo bilauri ya maji mpaka mvuke ujae. Masufuria ya chuma hutakaswa kwa kuchemsha maji mpaka yafurike ukingoni. Vya udongo na kauri havitakasiki, usipoteze muda navyo.

Zawadi: matunda mazima, maua, au kitu kilichofungwa kiwandani chenye alama ya wasimamizi wa kosheri. Alama maarufu ni herufi U ndani ya duara. Ikifuatwa na D, kinahesabiwa cha maziwa. Ikifuatwa na P, hapo wengi hukosea: hiyo P ni ya Pasaka ya Kiyahudi, si ya pareve. Herufi K peke yake haina mwenye kuimiliki, kiwanda chochote kinaweza kuichapa, kwa hiyo usiitegemee. Mvinyo na juisi ya zabibu acha kabisa kununua kwa kubahatisha, zina sheria zake. Jeli na peremende laini pia, kwa sababu ya gelatini, ambayo hutokana na ngozi na mifupa ya wanyama.

Jua_Likizama alijibu:

Mkuu hapo juu kamaliza jiko. Mimi niongeze Sabato, maana hapo ndipo wenzi wa nyumba hukosana.

Sabato haianzi Jumamosi asubuhi. Inaanza Ijumaa kabla ya jua kuzama. Mishumaa huwashwa dakika 18 kabla (Jerusalem desturi ni 40). Jua likizama saa 12:35 jioni, saa 12:17 mishumaa inawaka na kazi zimekwisha. Inatoka Jumamosi usiku nyota tatu zikionekana. Wengi huhesabu dakika 40 na kitu baada ya jua kuzama, wengine 72. Jumla ni kama saa 25. Muda huo hapokei simu, hajibu ujumbe, hawashi wala hazimi taa.

Kwa hiyo Ijumaa mchana kuna vitu vidogo ambavyo ukivifanya atakupenda bure. Balbu ya ndani ya friji ilegezwe, au swichi yake ibanwe kwa utepe, la sivyo kila mlango ukifunguliwa taa inawaka na yeye hawezi kufungua. Taa ya choo ibaki imewashwa. Karatasi ya choo ikatwe vipande kabla, kwa sababu kukata ni kazi, au weka boksi la tishu. Bafuni usifue nguo zako saa kumi na moja jioni wakati yeye ana dakika 20 za kuoga!

Usifanye haya: usizime jiko au birika la maji ya moto aliloliacha linafuka. Kwenye jiko la gesi utaona bati limefunika moto na sufuria juu yake. Hajasahau, ndivyo chakula cha Jumamosi mchana kinavyobaki cha moto. Ukizima, mchuzi ukapoa, haruhusiwi kuurudisha motoni. Usipulize mishumaa eti ni hatari. Iache iishe yenyewe, na kinara usikisogeze. Kama unahofia moto, kubalianeni mapema: sinia ya chuma chini, pazia mbali, mishumaa ya saa tatu au nne badala ya ile mirefu.

Kuhusu taa watu huchanganyikiwa. Hatakuomba umuwashie, na kwa kawaida haruhusiwi kukuomba. Ukiingia jikoni ukawasha kwa ajili yako mwenyewe, anaweza kukaa na kusoma kwenye mwanga huo. Ukiwasha kwa ajili yake ukamwambia "nimekuwashia", umemnyima. Kwa hiyo washa kwa haja zako, na usitangaze.

Jambo jingine ambalo huonekana kama kiburi. Kabla ya kula mkate ananawa kwa kikombe chenye mikono miwili, kisha hasemi neno mpaka atafune. Usimuulize kitu hapo katikati, na usidhani amekasirika.

Bi_Mwiko aliandika:

Asanteni sana, hilo la kitunguu sikuwahi kulisikia popote. Mkate je? Na kaka yangu huja kunitembelea, kuna lolote la kumwambia?

Unga_na_Hamira alijibu:

Kaka asimnyooshee mkono. Wengi wa wanaoshika dini kiasi hicho hawagusani na mwanamume asiye wa familia ya karibu. Kuinamisha kichwa kidogo na tabasamu yatosha. Pia usitoke ukawaacha wawili peke yao mlango umefungwa.

Sasa khala, yaani ule mkate wao wa kusuka, vipimo vya mikate miwili ya wastani:

- unga mweupe wa ngano kilo 1 (wa mkate ni bora)
- hamira ya chenga gramu 10
- sukari gramu 90
- chumvi gramu 16
- mayai 3, na 1 la kupaka juu
- mafuta ya kula yasiyo na harufu ml 100
- maji vuguvugu ml 350, na mengine ml 50 pembeni

Mafuta, si siagi wala maziwa. Mkate wenye maziwa hawauoki kwa kawaida, asije mtu akaula na nyama bila kujua, na chakula cha Ijumaa usiku mara nyingi ni kuku au nyama.

Kila yai livunjwe peke yake kwenye glasi angavu. Likiwa na doa la damu linatupwa, na hiyo ndiyo maana ya kutovunjia moja kwa moja kwenye unga, yai moja baya lisiangushe kilo nzima.

Changanya unga, hamira na sukari, tia mayai, mafuta na maji, na chumvi mwisho. Kanda dakika 10 mpaka donge liache mikono na ukilibonyeza linarudi. Likiwa gumu linapasuka, ongeza maji kijiko kimoja kimoja. Funika mpaka liwe maradufu, saa moja hadi moja na nusu kulingana na joto la chumba. Gawa mara mbili, na kila nusu mara tatu kama ndiyo mara ya kwanza. Nyuzi sita zina uzuri wake, lakini mgeni wa kusuka atapotea katikati.

Kusuka ndiko penye siri. Kila uzi uwe mnene katikati na mwembamba ncha mbili. Usipake meza mafuta, uzi utateleza badala ya kurefuka. Ukirudi nyuma kama mpira, uache dakika 5 upumzike, usiuvute kwa nguvu. Suka kwa kulegeza, kwani unga utavimba tena. Acha dakika 40 hadi 45, bonyeza kwa kidole: shimo likirudi polepole, uko tayari, likirudi papo hapo, subiri. Khala iliyopasuka ubavuni, ukaona mkate mweupe wa ndani kati ya nyuzi, kwa kawaida iliingia oveni mapema. Paka yai, oka nyuzi 180 za Selsiasi dakika 30 hadi 35, na ukigonga chini isikike tupu. Ikiwahi kuwa nyeusi juu ni sukari na yai, funika foili dakika 10 za mwisho.

Kuna desturi ya kutenga kipande cha donge, kama ukubwa wa zeituni, na kukichoma ndani ya foili. Kwa kilo 1 ya unga haihitajiki. Wengi huanza kutenga kwenye kilo 1.2 bila kusoma baraka, na kwa baraka kuanzia kilo 1.67. Akitaka donge kubwa ili atenge, mwachie afanye mwenyewe. Ni jambo ambalo wanawake wengi hulipenda mno.

Mwisho wa mkate: usimpe ukiwa umeshaoka mwenyewe kwa vyombo vyako. Nunua vitu vyenye alama, tumia vyombo vyake, na moto wa oveni auwashe yeye.

Kabati_Mbili alijibu:

Nyongeza tu kwa Unga_na_Hamira: muulize kwao ni Ashkenazi (Wayahudi wenye asili ya Ulaya ya kati na mashariki) au Sefaradi (wenye asili ya Hispania na Afrika Kaskazini). Kwa Sefaradi wengi, mkate wenye utamu unaosikika unahesabiwa keki na baraka yake ni nyingine, hivyo haufai kwa meza ya Sabato. Hapo punguza sukari hadi gramu 20 na yai liwe moja au uliache kabisa, maji yaongezeke mpaka donge lilainike. Vivyo hivyo kusubiri baada ya nyama kabla ya maziwa: wengi saa 6, wenye asili ya Ujerumani 3, wenye asili ya Uholanzi 1. Usimletee aiskrimu ya maziwa baada ya kuku ukashangaa anaitazama tu.

Swali_Moja_Tu alijibu:

Mmesema ya vyombo, mimi niguse maneno, kwa sababu mwiko unatakasika.

Asigeuzwe msemaji wa Wayahudi wote wala wa serikali ya Israeli. Habari ikitoka redioni, usimgeukie yeye kwanza. "Mbona hufanani na Myahudi?" si sifa. Hanuka si Krismasi yao: ni siku 8 za kukumbuka kuwekwa wakfu upya Hekalu, mwaka 164 kabla ya Kristo, na si kati ya sikukuu zao kubwa. Watu huenda kazini kama kawaida. Ukitaka kumtakia heri kubwa, fanya mwaka mpya wao, kati ya Septemba na Oktoba, kwa kusema "Shana tova". Siku kumi zinapotimia ni Yom Kippur, Siku ya Upatanisho, saa 25 bila chakula wala maji. Wakati huo haogi, na viatu vyake si vya ngozi. Mtakie funga nyepesi, na usikaange vitunguu mchana ule ikiwa unaweza kusubiri. Ijumaa mchana "Shabat shalom" inatosha, hata lafudhi ikiyumba.

Wala usimpime kwa orodha hii. Yupo atakayekula saladi kwenye sahani yako ya glasi, yupo atakayebeba sahani yake hadi harusini. Mpe swali moja siku ya kwanza: "Nionyeshe rafu yangu na rafu yako." Kisha nunueni utepe wa rangi tatu muweke alama pamoja, na kwenye mpini wa kila kisu pia.