Mdogo wangu aliacha dawa za TB, sasa kaambiwa ni sugu. Naombeni ushauri

Wakuu, wakubwa shikamooni, rika langu habari zenu. Niko Tanga mjini, Makorora.

Mdogo wangu ni mvuvi wa dagaa. Alianzishiwa dozi ya kifua kikuu, ile ya miezi 6: miwili ya mwanzo vidonge vyenye dawa nne, minne iliyobaki dawa mbili. Kikohozi kikakata, akanenepa, mwezi wa tatu akaacha kimya kimya. Eti mkojo mwekundu unaoletwa na dawa ulimtia aibu chomboni. Mkewe ndiye aliyekuta pakiti zimefichwa kwenye gunia la nyavu.

Juzi makohozi yamepimwa kwa mashine ya GeneXpert: rifampisini, dawa kuu kwenye ile dozi, haimfanyii kazi tena. Ametakiwa aanze dawa za TB sugu, hataki. Kuna mzee kijiweni kamwambia sindano zake zinaua masikio. Ni kweli, zile za zamani ziliwaharibu watu usikivu, lakini nesi katueleza siku hizi ni vidonge tu, tena bure. Haamini.

Analala chumba kimoja na wanawe wawili, dirisha kaziba kwa boksi kisa mbu. Boksi nimeling'oa mwenyewe.

Aliyewahi kumaliza dozi hii, alivumilia vipi kichefuchefu na ganzi ya miguu? Watoto niwapeleke wakapimwe wiki hii hata kama hawakohoi? Na mbishi namna hii mlimshikaje, amsimamie mkewe au mimi kaka yake?