Tangu kaskazi iingie jicho linanizima nikishona kofia

MshonaKofia, Langoni, Lamu:
Assalam aleikum. Nina MS, ugonjwa unaokula ganda la mishipa ya fahamu, huu mwaka wa nne. Riziki yangu ni kofia za vitobo. Kusi likivuma sina neno. Lakini kaskazi hii, nikitoka jikoni kupepea makaa, jicho la kushoto laingia ukungu, mguu nao naukokota ngazini. Juzi kitobo kimoja nimekidunga mara tatu, sindano ikaniingia kidoleni, damu tone kwenye kofia ya bwana harusi! Nikilala sakafuni kama saa moja, yote yanarudi. Mavyaa asema ni kijicho cha watu. Je, ugonjwa unapanda au ni joto tu?

UmmuSalma, Malindi:
Waaleikum salaam, dada. Mimi mwaka wa tisa, na langu ni jicho la kulia. Ganda la mshipa wa fahamu likishaliwa, mwili ukipata joto hata nusu digrii, ujumbe unakwamia njiani. Ukipoa unapita. Hali hii ina jina la daktari wa macho Mjerumani, Wilhelm Uhthoff, aliyeieleza mwaka 1890, kwa hiyo kijicho cha jirani mwache nacho. Mimi naroweka kanga, naikamua, najizungushia shingoni, nakaa mbele ya feni. Lakini KABLA ya kushika sufuria. Nikingoja nishikwe ndipo nijipoze, adhuhuri yote imekwenda.

NesiMstaafu:
Joto halikuongezei kidonda cha mishipa ya fahamu, bibi, usiogope. Ila dalili mpya, au za zamani zikikaa zaidi ya saa 24 nawe umeshapoa, nenda ukaonwe. Homa nayo ni joto: pima mkojo, maambukizi madogo tu yanaweza kukulaza. Na penye ganzi usiweke barafu tupu, itakuunguza usihisi.

MshonaKofia:
Ahsanteni. Nina wiki sasa: nashona baada ya alfajiri hadi saa tatu, kule chini kwenye ukuta mnene wa mawe, si darini tena. Makaa nimemwachia binti, ingawa wali wake, haya, tunakula. Mkojo ulikuwa safi. Kofia imekwenda kwa mwenyewe. Lile tone nililitoa kwa mate, msimwambie. Na leo kanga nimeikuta imesharowekwa, na mavyaa. Bado asema ni kijicho.