Kompyuta 18 za shule zimekataa Windows 11: tupige Linux, au fundi aendelee kukraki?

Mzazi, Mwanga (mwanzisha mada)
Wadau, habari za jioni. Nimetoka kwenye kikao cha wazazi hapa Kigoma mjini na roho haijatulia. Shule ina kompyuta 18 za msaada, Core i5 kizazi cha nne, RAM giga 4. Zina Windows 10, ambayo Microsoft walisitisha msaada wake wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inataka chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0, na kwa prosesa za Intel inaanzia kwa sehemu kubwa kizazi cha nane. Kwa hiyo zetu nje. Fundi akaja na dawa yake ileile: anapiga Windows 11 kwa kuyakwepa masharti hayo, anakraki isidai leseni, 15,000 kwa mashine. Jumla 270,000. Wazazi wakaanza kutoa noti.

Nikanyoosha mkono: leseni je? Fundi akacheka, mwenyekiti naye akacheka.

Sijifanyi malaika. Nina steshenari na nimekraki sana tu. Siku moja kiprogramu cha kukraki kikanitaka nizime kwanza antivairasi. Nikazima. Wiki ya pili flashi za wateja zikawa zinatoka dukani kwangu mafaili yote yamegeuka shotikati. Binti mmoja alikuja kuprinti ripoti yake ya field siku ya mwisho ya kukabidhi; tukabofya, hakuna kitu. Alikaa kwenye benchi akalia kimyakimya, foleni nzima inamtazama. Aliyetuokoa ni kijana aliyekuwa na laptopu ya Ubuntu, aina mojawapo ya Linux, ule mfumo wa bure wa kuendesha kompyuta ambao msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuusoma. Alichomeka flashi ileile, na ripoti ikaonekana palepale. Kirusi kilikuwa kimeyaficha tu mafaili, na Linux haikujali ule ufichaji.

Hoja yangu: mashine 16 zipigwe Linux, mbili zibaki na Windows ya leseni halali, kama tutaimudu. Mnasemaje? Naomba kuwasilisha.

Fundi, Gungu
Mkuu, mafundi umetusema mpaka basi. Mteja wangu anakuja na hela mkononi, anataka Word, na anaitaka leo. Nimeshapiga Linux Mint mashine tatu hapa mjini, mbili zimerudi. Moja ni ya mpiga picha: Photoshop haina toleo la Linux, na GIMP, ile ya bure ya kuhariri picha, hakutaka hata kuiona. Ya pili mwenyewe alisema nimemwibia Windows yake. Nilimrudishia, na hela sikuchukua.

Mwalimu wa kompyuta
Shikamooni wakubwa. Mtoto wa kidato cha nne akimaliza hapa, ajira ya kwanza anayoipata ni kuchapa, na steshenari zote, yako ikiwemo mzazi mwenzangu, zina Word. Niliandika CV kwenye LibreOffice, ile mbadala ya bure ya Word na Excel, ukurasa mmoja safi. Ilipofunguliwa mjini, jina la mdhamini wa mwisho likarukia ukurasa wa pili, liko peke yake kama limefukuzwa. Nilichekwa.

Halafu tusidanganyane kuhusu urahisi. Jiji la Munich, Ujerumani, liliamua mwaka 2003 kuhamia Linux, na mwaka 2017 baraza lao likapiga kura ya kurudi Windows. Wale wana hela na wataalamu. Sisi huku mwisho wa reli tuna mwalimu mmoja, ndiye mimi, na nina vipindi 24.

Mzazi, Mwanga
Mwalimu, marahaba. Hilo la CV lina kiini chake. Calibri ni fonti ya Microsoft, haiji na Linux. Ukiiweka nyingine yenye herufi pana, mistari inasogea. Weka Carlito, imetengenezwa kwa upana uleule, na CV itume kwa PDF. Munich nakubali, ila siasa nazo zilikuwemo, na kikosi cha polisi cha Ufaransa, Gendarmerie, kiko kwenye Ubuntu yake mpaka leo. Hilo la vipindi 24 sina jibu. Nakiri.

Mhasibu
Mimi kazini naingia NeST, mfumo wa serikali wa manunuzi, kwa kivinjari, na Firefox ya Linux inafungua bila shida. Kinachonifunga ni Excel yenye makro, zile amri za kujiendesha zenyewe ndani ya faili. LibreOffice inafungua faili, makro nyingine zinagoma.

Kijana wa Ujiji
Mnasifia Linux, na msimbo wake mnasema uko wazi. Kama kila mtu anausoma, mwizi naye si anausoma?

Mzazi, Mwanga
Anausoma, ndiyo, na kuna wakati anauandika kabisa. Machi 2024 iligundulika kwamba mtu aliyejitolea muda mrefu kwenye kiprogramu cha kubana mafaili kinachotumika kwenye Linux, xz, alikuwa amepenyeza mlango wa nyuma wa kuingilia mashine za watu kwa siri. Aliyemnasa ni Andres Freund, na cha kuchekesha ni mfanyakazi wa Microsoft. Aliona kuingia kwenye mashine kwa mbali kunachelewa kama nusu sekunde, akachimba mpaka akafika kwenye msimbo wenyewe. Kwenye mfumo uliofungwa angeandika malalamiko akasubiri wenye nao.

Kinachoniuma mimi ni kingine. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kutoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi za kuandikia na kupigia hesabu, menyu zote Kiswahili. Iliwezekana kwa sababu msimbo ulikuwa wazi, hakuna wa kuombwa ruhusa. Leo muulize mwanafunzi yeyote hapa kama ameisikia.

Mwalimu wa kompyuta
Mimi nimeisikia leo. Lakini mkuu, hata Kiswahili chake kisingeniandalia somo la Jumatatu.

Fundi, Gungu
Basi tufanye hivi. Jumamosi nakuja na flashi yenye Mint, tunawasha mashine moja kwa flashi bila kugusa diski. Mwalimu aikalie mwenyewe saa mbili, aandike mtihani, auprinti. Ikigoma tunazima, Windows iko palepale. Sitatoza. Ila mwalimu, printa ya ofisi ni aina gani? Nishateseka sana na printa.

Mwalimu wa kompyuta
Canon, ile ndogo nyeusi. Stika ya namba imefutika. Nitaipindua kesho niangalie chini.