Gumzo la Kampemba: Lubumbashi na ekipe ya raga ya 13

Ilunga: Bakubwa, hamujambo. Kuko batu wanasema Lubumbashi inaweza kubeba ekipe ya kulipwa ya raga ya 13, ile ya wachezaji 13 kila upande (rugby league). Munaonaje?

Papa Kalenga: Watu wa kuja uwanjani si shida. Mji wa Mazembe na Lupopo, ekipe zetu za mupira, unajua kujaza stadi, na uwanja wa Mazembe kule Kamalondo unapokea karibu watu 18,000. Mimi nauliza kitu kimoja: itacheza na nani kila wiki?

Yaya Mujinga: Njo palepale, Papa. Toronto Wolfpack, ekipe ya raga ya 13 ya Kanada, ilikuwa na watu. Ilianza 2017 ku ligi ya tatu ya Uingereza, na 2019 ikapanda Super League, ligi ya juu ya kule, mbele ya watazamaji karibu 10,000. Julai 2020 ikajitoa.

Ilunga: Ju ya korona?

Yaya Mujinga: Korona ilimalizia tu. Toka mwanzo ekipe ilikubali kulipia wageni ndege na malazi. Ilipopanda, haikupewa fungu la makuta ya televisheni kama wengine. Yote ikaegemea mfuko wa David Argyle, mfanyabiashara wa madini. Mechi zilisimama, mishahara ikachelewa, kwisha.

Mama Ngalula: Mfuko mmoja, tena wa madini. Huku kwetu bei ya kobalti ikianguka, mdhamini anakata mchezo kabla hajakata kitu kingine.

Papa Kalenga: Tupige hesabu. Tuseme wachezaji 26, kila mmoja dola 500 kwa mwezi. Ni 13,000 kwa mwezi, 156,000 kwa mwaka, na hapo bado kocha, bima, basi, chakula. Sasa tiketi: dola 1, watu 3,000, mechi 10 za nyumbani. Unapata 30,000. Haifiki hata sehemu moja ya tano ya mishahara.

Ilunga: Si tuongeze mechi, Papa?

Mama Ngalula: Hapana, mwanangu. Mchezaji wa mbele anaweza kukaba mara 30 na zaidi ndani ya dakika 80. Ukimrudisha baada ya siku tatu, bega linatoka. Na aliyegongwa kichwa harudi uwanjani siku ile, hata akisema yuko muzuri.

Yaya Mujinga: Angalieni zile zinazodumu. Catalans Dragons wa Perpignan, Ufaransa, waliingia Super League 2006 na 2018 wakabeba Challenge Cup, kombe la Uingereza. Pale raga ya 13 ilishachezwa vizazi na vizazi, watoto walikuwa tayari. Dolphins wa Redcliffe, kule Brisbane, waliingia ligi kubwa ya Australia 2023, lakini klabu ipo tangu 1947 na ina mali yake, hadi jengo la maduka pembeni ya uwanja. Port Moresby ya Papua New Guinea itaingia ligi hiyohiyo 2028, na nyuma yake kuko serikali ya Australia: milioni 600 za dola zao kwa miaka 10, pamoja na raga ya Pasifiki. Vizazi vya mchezo, mali ya klabu, serikali: sisi hatuna hata kimoja katika hivyo vitatu.

Ilunga: Basi tuache?

Papa Kalenga: Sikusema tuache. Nasema tusianze na mishahara, tuanze na wapinzani. Kinshasa ni ndege: wachezaji 17 wa mechi, ongeza kocha, fizio na msimamizi, umefika tiketi 20. Lakini Kasumbalesa, mpakani na Zambia, haifiki kilomita 100, na ng'ambo kuko Chingola, Mufulira, Kitwe, Luanshya. Migodi ile ilipanda raga zamani sana, na klabu zake ni Nchanga, Leopards, Diggers, Roan. Wanacheza raga ya wachezaji 15, sawa, lakini kuhama si kazi kubwa. Unatoa mafleka wawili, wale wa pembeni mwa skramu, unafuta kurusha mpira kutoka pembeni, na hakuna kugombania mpira chini. Aliyekabwa anasimama, anausukuma nyuma kwa mguu. Wakikabwa mara 6, mpira unahamia kwa wengine.

Yaya Mujinga: Mpaka ule utakula siku nzima. Basi litoke Ijumaa asubuhi, karatasi zake na pasipoti zote zikiwa mkononi mwa mtu mmoja. Wakitoka Jumamosi watacheza na miguu iliyovimba, au watakwama nyuma ya malori.

Papa Kalenga: Ekipe nne basi: Lubumbashi, Likasi, Kitwe, Chingola. Nyumbani na ugenini, mechi 6 kila mmoja, Mei hadi Agosti. Mchezaji abaki na kazi yake, apewe usafiri, chakula na posho ya mechi. Misimu mitatu bila deni, njo tuongee mshahara.

Mama Ngalula: Mei hadi Agosti hakuna mvua, na udongo wetu mwekundu unakuwa saruji. Uwanja umwagiwe maji siku mbili kabla, si asubuhi ya mechi, utateleza juu na chini kubaki kavu. Wakipewa majani bandia, ngozi ya magoti inachubuka, na bila tabaka la kupunguza mshtuko chini yake mimi nakataa. Na mechi ianze saa tisa alasiri. Taa za SNEL, kampuni ya umeme, musizitegemee.

Ilunga: Nimesikia. Uwanja wa mupira unatosha?

Papa Kalenga: Upana ndiyo, mita 68. Urefu njo shida: raga inataka 100, na nyuma ya kila mstari wa goli angalau 6. Jumla 112. Uwanja wa mupira wa mita 105 utakupa 93 za kuchezea, kwa mazoezi inafaa. Pima kwanza kama nyuma ya magoli kuko nafasi au kuko ukuta.

Ilunga: Kesho asubuhi napita na futi kamba.

Mama Ngalula: Pima na milingoti. Tutaifunga godoro la povu toka chini hadi mita 2, zote nne.