Naomba ushauri: baba anataka kurudi, mama kasamehe ila hataki alale kwake

Habari zenu wakubwa. Baba alituacha Korogwe tukiwa wadogo, akaenda kuishi na mwanamke mwingine Morogoro. Mama katulea kwa vitumbua na vibarua vya mkonge, na kiwanja akanunua mwenyewe, nyumba akaijenga kidogo kidogo.

Sasa baba anaumwa kisukari, kidonda cha mguu hakiponi, na huko alikokuwa wamemchoka. Amemtuma baba mdogo atuombee msamaha. Mama kajibu: "Mimi nilishamsamehe zamani, ila hapa halali." Kaka ndiyo kabisa, hata simu ya baba hapokei. Baba mdogo anatutisha na laana, kana kwamba laana huwapata watoto tu.

Mimi naona tumpangie chumba karibu na hospitali, tuchangie dawa, hayo mengine yaje polepole. Ila hawakupeana talaka, na nasikia Sheria ya Ndoa ya 1971 inaruhusu mahakama kugawa mali ya wanandoa. Nyumba ya mama iko salama? Na kaka nimwingieje? Aliyepitia haya anisaidie, kikao cha ukoo ni Jumamosi.