Kingamwili ya katepsini D inatoa bendi tatu katika makrofaji za binadamu: je, ni mbovu?

MaabaraPwani aliuliza:

Ndugu wanasayansi, salaam.

Ninafanya utafiti wa shahada ya uzamili kuhusu jinsi makrofaji za binadamu (seli za kinga zinazomeza vijidudu) zinavyowashughulikia bakteria wa chanjo ya BCG baada ya kuwameza. Kipimo ninachokitegemea ni katepsini D, kimeng'enya cha lisosomu (kifuko cha kumeng'enya ndani ya seli) kinachokata protini katika mazingira yenye asidi. Seli zangu ni THP-1 (seli za leukemia ya binadamu zinazokuzwa maabara) zilizogeuzwa kuwa makrofaji kwa kemikali ya PMA. Kingamwili niliyo nayo ni polikloni (mchanganyiko wa kingamwili nyingi) ya sungura, na karatasi yake ya maelezo inasema imejaribiwa kwa westani bloti (kutenganisha protini kwa uzito kwenye jeli na kuzitambua kwa kingamwili) na kwa imunofluoresensi (kuipa protini mwangaza kwa kingamwili na kuitazama kwa hadubini) katika seli za binadamu. Picha iliyochapishwa kwenye karatasi hiyo inaonyesha bendi moja nene karibu na kilodaltoni 34 (kipimo cha uzito wa protini), basi.

Kwangu hali ni tofauti. Ninapata bendi tatu: iliyo nene kwenye 34, nyingine hafifu karibu na 48, na ya tatu juu kidogo ya 50. Bendi ya 14, ambayo vitabu vinasema ni sehemu ya kimeng'enya hicho hicho, sijaiona kamwe. Kwenye hadubini ninaona vidoa vingi kuzunguka kiini cha seli, kama inavyotarajiwa kwa lisosomu, lakini vimezungukwa na ukungu wa mwangaza uliotanda seli nzima, na ukungu huo upo hata katika seli ambazo hazikupewa bakteria.

Mwenzangu wa maabara ananishauri niiache na kuagiza ya monokloni, yaani ya aina moja tu inayoshika sehemu moja ya protini. Kabla ya kuingia katika gharama hiyo, na kusubiri mzigo unaotakiwa kukaa kwenye baridi ukiwa forodhani, ninaomba kujua mambo mawili. Je, bendi tatu ni ushahidi wa kutosha kwamba kingamwili hii inashika protini zisizohusika? Na je, ukungu ule unatokana na kingamwili yenyewe au na namna ninavyoandaa seli?

Mtazamabendi alijibu:

Ndugu muulizaji, usiitupe. Kwa protini hii bendi tatu ndizo zinazotarajiwa, na mimi ningeshangaa zaidi kama ungeona moja tu katika seli hai ambazo zinaendelea kutengeneza protini kila saa.

Katepsini D hutengenezwa ikiwa mnyororo mmoja wa asidi amino 412. Asidi amino 18 za mwanzo ni ishara ya kuiingiza protini katika retikulamu ya endoplazimu, nazo hukatwa mara moja. Baada ya hapo kuna kipande kinachoizuia isifanye kazi kabla ya wakati wake, kinachoishia nafasi ya 64. Ikiwa bado na kipande hicho, na ikiwa imeshawekewa minyororo miwili ya sukari, protini ina uzito wa takribani kilodaltoni 52. Ndiyo bendi yako ya juu. Sukari hizo hupewa alama ya mannosi-6-fosfeti katika Golgi, kituo cha seli cha kupanga na kusafirisha protini, na alama hiyo ndiyo inayoielekeza kwenye endosomu na lisosomu. Huko, kadiri asidi inavyoongezeka, kipande cha kuzuia huondolewa na kubaki mnyororo mmoja wa takribani 48, ambao tayari una uwezo wa kukata. Mwishowe, ndani ya lisosomu, mnyororo huo hukatwa na protiezi (vimeng'enya vinavyokata protini) za kundi la sisteini, hasa katepsini B na L, na kugawanyika kuwa mnyororo mzito wa 34 na mwepesi wa 14. Miwili hiyo hubaki imeshikamana bila kifungo cha kikemia kati yao, ndiyo maana SDS, sabuni inayotumika katika jeli, huitenganisha.

Kuhusu bendi ya 14, angalia mambo mawili. Kwanza, soma kwenye karatasi ya maelezo ni sehemu gani ya protini aliyochanjwa sungura. Mnyororo mwepesi ni asidi amino za 65 hadi 162, na mzito ni za 169 hadi 412, zikihesabiwa kuanzia methionini ya kwanza. Kama kipande kilichotumika kimetoka kwenye mnyororo mzito, kingamwili yako itaona 52, 48 na 34, na haitaiona 14 hata ukiisubiri mwaka mzima. Pili, protini ndogo namna hiyo hupenya kwa urahisi utando wenye matundu ya mikromita 0.45, tumia wa 0.2 na upunguze muda wa kuhamisha.

Ukitaka kuzithibitisha bendi zako kwa bei nafuu, zipe seli E-64d, inayozuia protiezi za sisteini. Kama bendi ya 48 ni hatua ya kati ya katepsini D, itaongezeka, kwa sababu mkato wa mwisho umezuiwa. Bafilomaisini A1, inayozima pampu ya asidi ya lisosomu, itazuia hatua za mapema zaidi. Usitarajie bendi ya 34 itoweke upesi katika majaribio hayo, kwani iliyokwisha kukomaa hudumu muda mrefu; tazama kinachoongezeka juu yake.

Kama unahitaji alama ya kuaminika ya 52, seli za saratani ya matiti za MCF-7 zikipewa estrojeni hutoa kwa wingi umbo hilo lisilokomaa katika maji ya kukuzia. Kundi la Henri Rochefort huko Montpellier, Ufaransa, liliieleza protini hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa uzito wake tu, kabla haijajulikana kuwa ni katepsini D.

Hadubini alijibu:

Mimi nizungumzie ukungu, maana hapo tatizo la makrofaji ni la peke yake.

Kazi mojawapo ya makrofaji ni kushika kingamwili. Seli za THP-1 zina vipokezi vya sehemu ya Fc (mkia wa kingamwili) juu ya utando wake, vikiwemo CD64 na CD32, na IgG (aina ya kingamwili) ya sungura hushikwa na vipokezi hivyo bila kujali inatafuta protini gani. Kwa hiyo kingamwili iliyo safi kabisa katika seli za HeLa (seli za binadamu zinazotumika sana maabara) inaweza kutoa ukungu kwako. Ziba vipokezi kwanza kwa IgG ya binadamu au kwa kizuizi maalumu cha Fc, lakini uhakikishe kwamba kingamwili yako ya pili, ile yenye rangi, imeondolewa zile zinazoshika IgG ya binadamu, la sivyo utakuwa umeongeza ukungu badala ya kuupunguza. Kontroli yake ni IgG ya sungura asiyechanjwa, katika kiwango kile kile cha mikrogramu kwa mililita. Watu wengi huilinganisha kwa kuzimua mara sawa, na hapo ulinganisho hauna maana yoyote kwa sababu chupa mbili hazina kiwango kimoja.

Jambo la pili ni sabuni ya kutobolea utando. Triton X-100 ni kali na huweza kuharibu utando wa lisosomu, kisha protini zilizomo ndani, ambazo hazijafungwa kwenye utando, zikatawanyika iwapo paraformaldehaidi haikuzikaza vya kutosha. Jaribu saponini ya asilimia 0.1. Matundu yake hujifunga tena ikiondolewa, kwa hiyo iwemo katika bafa zote, kuanzia kuziba hadi kuosha baada ya kingamwili ya pili.

Acha pia sahani zisizo na kingamwili yoyote, moja yenye bakteria na nyingine isiyo na bakteria, kwa kuwa makrofaji huwa na mwangaza wao wenyewe na mikobakteria pia. Na usitegemee vidoa peke yake kama ushahidi wa lisosomu: pamoja na kingamwili yako weka ya panya dhidi ya LAMP-1, protini ya utando wa lisosomu, uone kama mwangaza wa katepsini umo ndani ya duara linalochorwa na utando. Mwangaza hafifu upande mmoja wa kiini unaweza kuwa wa kweli kabisa, maana kingamwili inayotambua mnyororo mzito huiona protini hata ikiwa bado ipo Golgi.

MaabaraPwani aliandika:

Ninawashukuru sana. Nimerudi kwenye karatasi ya maelezo, na kipande alichochanjwa sungura kinatoka katika nusu ya mwisho ya protini, kwa hiyo suala la 14 limekwisha. Utando wetu nao ni wa 0.45. Kizuizi cha Fc sikukitumia, nitaanza nacho.

Nina swali moja zaidi. Msimamizi wangu anasisitiza nizime jeni ya CTSD (ya katepsini D) ili kuthibitisha kingamwili, lakini THP-1 zinakataa kupokea siRNA (RNA fupi za kuzima jeni), na zikipokea hufa nyingi. Je, jaribio la E-64d na bafilomaisini haliwezi kutosha?

MzeeWaJeli alijibu:

Halitoshi, mwanangu, na hapa ninatofautiana kidogo na Mtazamabendi. Majaribio hayo yanaonyesha kwamba bendi zako zinatenda kama protiezi ya lisosomu, lakini hayaonyeshi ni protiezi ipi. Katepsini B na L nazo hutengenezwa zikiwa ndefu, hukomaa kwenye asidi, na bafilomaisini huzizuia vivyo hivyo. Uzito wa maumbo yao ya kati uko karibu mno na 34 kwa mtu kutegemea rula ya uzito kwenye jeli peke yake. Isitoshe, katepsini E ni ya ukoo mmoja na D, ule wa protiezi za asidi aspatiki pamoja na pepsini, na hupatikana katika seli za kinga. Kingamwili ya polikloni ni mchanganyiko wa nyingi, na baadhi zinaweza kushika sehemu ambazo jamaa hao wanafanana. Msimamizi wako ana haki.

Lakini si lazima jaribio hilo lifanyike katika THP-1. Swali kwamba kingamwili hii inaitambua protini gani linaweza kujibiwa katika HeLa, zinazopokea siRNA bila shida, ama katika seli za HAP1 zilizoondolewa jeni hiyo kwa CRISPR (zana ya kuhariri jeni), ambazo huuzwa tayari pamoja na ndugu zao zisizoguswa. Ukitumia siRNA, tumia angalau mbili zinazolenga sehemu tofauti za ujumbe, na uwe na subira. Bendi ya 52 hufifia kwanza kwa sababu ndiyo inayotengenezwa upya kila wakati, na 34 hufuata taratibu kwa kuwa kimeng'enya kilichokomaa hudumu siku kadhaa. Nimeona wanafunzi wakitazama bloti ya saa 48, wakakuta 34 ipo imara, wakaihukumu kingamwili isiyo na kosa. Soma bendi zote kwa pamoja, na uendelee hadi saa 96 kama seli zinastahimili.

Kwa upande wa THP-1 kuna njia nyingine zinazokubalika. Mwaka 2016 kikundi kazi cha kimataifa cha uthibitishaji wa kingamwili kilipendekeza nguzo tano, na kuzima jeni ni mojawapo tu. Nyingine ni kulinganisha na kipimo kisichotumia kingamwili, kutumia kingamwili ya pili inayoshika sehemu tofauti ya protini hiyo hiyo, kuifanya seli itengeneze protini yenye lebo, na kuinasa protini kisha kuitambua kwa spektrometria ya masi. Hapo ndipo monokloni anayoitaka mwenzako ingekuwa na kazi: iwe shahidi wa pili, hasa kama inatambua mnyororo mwepesi, na si mbadala wa uliyo nayo.

Sasa turudi kwenye BCG, kwa sababu nadhani swali lako kubwa limejificha ndani ya bendi hizo. Imejulikana tangu miaka ya 1990 kwamba fagosomu (kifuko cha seli kinachobeba kilichomezwa) yenye mikobakteria hai haifiki kwenye asidi kali. pH yake hubaki takribani 6.3 hadi 6.5, na katepsini D iliyomo ndani yake huwa ni ile ambayo haijakomaa. Uwiano wa 48 kwa 34 ndio jibu unalolitafuta, nawe ulikuwa karibu kuufuta kwa kutafuta kingamwili inayotoa bendi moja safi. Hata hivyo, usiupime katika seli nzima iliyoyeyushwa. Fagosomu zenye bakteria ni sehemu ndogo mno ya mfumo mzima, na lisosomu za kawaida zitakufunikia tofauti yote kwa bendi yao nene ya 34. Tenga fagosomu kwa sentrifyuji, au kwa sumaku ikiwa bakteria wamewekewa chembe za chuma, ndipo upeleke kwenye jeli. Na uwe na kundi la bakteria waliouawa kwa joto kama ulinganisho, maana fagosomu zao hukomaa vizuri zaidi.

Kingamwili inakuambia protini ipo na iko katika umbo gani. Haikuambii kama inakata. Ukitaka kusema chochote katika tasnifu kuhusu nguvu ya kukata, pima kwa sabstreti inayotoa mwangaza ikikatwa, kwenye pH iliyo karibu na 4, na sehemu moja ya sampuli iwekewe pepstatini A, inayozuia protiezi za aspatiki, ili ujue ni kiasi gani cha mwangaza huo kinatokana nazo.

Mtazamabendi aliandika:

Ninakubaliana na Mzee kuhusu katepsini E; hoja hiyo sikuizingatia kwa sababu huwa ninafanya kazi na seli za epithelia.

Ninaongeza jambo la kuhifadhi sampuli za westani bloti. Vizuizi vya PMSF na EDTA haviizuii katepsini D, na baadhi ya michanganyiko ya vizuizi inayouzwa haina pepstatini kwa sababu haiyeyuki vizuri katika maji. Iyeyushe katika DMSO na uiongeze wewe mwenyewe wakati wa kuvunja seli, huku bafa ikiwa na pH isiyoshuka chini ya 7.4, kisha uchemshe sampuli katika SDS mapema. Ukiziacha kwenye barafu mchana kutwa zikisubiri jeli, hutajua kama uwiano wa bendi ni wa fagosomu au ni wa mirija yako.

Hadubini aliandika:

Na kwa kuwa ulitaja baridi: igawe kingamwili katika vijisehemu vidogo siku ile ile inapofika. Kama ina gliseroli ya asilimia 50 haigandi kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri, ila isikae katika friza inayojiondolea barafu yenyewe, kwa sababu friza hiyo hupasha joto na kupoa kila mara. Kile kijisehemu unachotumia kila wiki kikae kwenye friji ya kawaida, na sodiamu azidi, kihifadhi cha kuzuia vijidudu, iwemo tu kama hutakizimua moja kwa moja katika bafa ya kingamwili yenye HRP (kimeng'enya cha kutoa ishara kwenye bloti), maana azidi huizima HRP.