Mama anawekewa goti bandia na anatumia dawa za sonona, aache kabla ya upasuaji?

BintiKilema
Habarini wakuu, naombeni msaada. Mama ana miaka 67, goti la kulia limekwisha kabisa na mwezi ujao anafanyiwa upasuaji wa kubadilisha. Tangu mzee afariki anatumia setralini ya mg 50 kila asubuhi na imemsaidia mno, anakula, analala, hadi jumuiya karudi. Sasa shangazi kamwambia hizo dawa zinafanya mtu avuje damu sana akipasuliwa so aache mapema, na mama kaanza kuruka siku. Kliniki waliuliza presha na sukari tu basi.

SistaTheatre
Pole dada. Mpigie leo daktari aliyemwandikia, asiache kienyeji. Shangazi hajatunga, chembe sahani (zile za kugandisha damu) zinatumia kemikali ya mwili iitwayo serotonini kushikana na setralini inazipunguzia, kwahiyo damu inaweza kuvuja zaidi kidogo, lakini kwa kawaida mgonjwa anaendelea na dozi yake, hata asubuhi ya upasuaji anameza na funda la maji kama daktari wa usingizi hajasema vingine. Na kwenye goti mara nyingi huwa anapewa asidi ya traneksamiki kupunguza kuvuja damu. Mimi ningehofia zaidi diklofenaki, zile za maumivu, wenye magoti wanazila kama karanga na hawazitaji, zikikutana na setralini ndo hatari ya kuvuja inapanda hasa tumboni. Anazitumia??

BintiKilema
Anazo kwenye mkoba kila siku dada 😢

Mzee wa Tanga
Dada yangu mimi aliacha ghafla za kwake kabla ya upasuaji wa nyonga, kizunguzungu, kichwani kama anapigwa shoti ya umeme, analia usiku kucha, halafu baada ya upasuaji akagoma mazoezi na nyonga ikakakamaa. Msimwache mama afike huko jamani

SistaTheatre
Na jambo lingine, wodini wakitaka kumpa tramado au pethidini za maumivu wakumbusheni kuhusu setralini, serotonini ikizidi mtu anatetemeka, anatoka jasho, moyo unaenda mbio, anachanganyikiwa. Chukua maboksi yote pamoja na hizo za mkobani muweke mezani kwa daktari wa usingizi, na ile sindano ya kuzuia damu kuganda akianzishiwa muulize kabisa, akiona choo cheusi kama lami aseme hapohapo

BintiKilema
Nimempigia daktari wake, kasema arudi kwenye dozi kesho asubuhi na diklo aache hadi aonwe. Alhamisi tunaenda kwa wa usingizi, shangazi naye nambeba asikie mwenyewe